Khalati, mume wangu anakunywa ili apate usingizi

Asalaam alaykum khalati, shikamoo.

Mie ni mama wa watoto wanne, niko huku Pemba upande wa kaskazini, kijiji sikitaji manake huku watu wanajuana, ukitaja mwembe tu mtu anajua ni nyumba ya nani. Nakusoma siku zote ila sijawahi kuandika, leo naandika usiku kwa simu ya mdogo wangu watu wamelala, kwa hivo nsamehe kama maneno hayajakaa sawa.

Jambo langu ni mume wangu, analewa. Nshasema. Wewe mwenyewe unajua kwetu neno hilo lilivo zito, mtu akijulikana mlevi barzani wanamsogea pembeni, watoto wanachekwa chuoni kwenye Qur'ani, mama yangu mzazi mpaka leo hajui, anadhani mkwewe ana sukari ndo mana kakonda vile.

Na si mtu mbaya khalati, wallahi si mtu mbaya. Ana mikarafuu yake kidogo ya urithi, anavua, watoto anawapenda. Nilipoolewa 2009 sikuwahi kumsikia na harufu ya pombe, lakini usingizi wake ulikuwa hivi hivi toka siku ya kwanza. Analala kama mtu aliekaa, mgongo ukutani, uso umeelekea mlangoni, taa haizimwi. Panga liko chini ya kitanda, mie nilidhani la wezi. Usiku anapiga kelele, na maneno ni yale yale, "laleni chini, laleni chini". Nikimuuliza asubuhi anasema jinamizi tu, hebu nipe chai.

Habari yenyewe nimeipata kwa mama mkwe, si kwake. Kumbe alikuwemo kwenye maandamano yale ya Januari 2001, kijana wa miaka 19. Waliondoka wawili, yeye na mtoto wa ami yake, kurudi karudi peke yake. Mwenzie alipigwa risasi pembeni yake hapo hapo, ikabidi amuache njiani manake risasi zilikuwa bado zinakuja. Akajificha mikokoni, kisha akapanda mashua usiku na watu wengine wakavuka mpaka Shimoni, Kenya, akakaa huko miezi. Mama mkwe anasema toka karudi hajalitaja jina la yule mwenzie. Na mtoto wetu wa kwanza ndo kapewa jina hilo, mie nilidhani la babu yao, na yeye baba mtu anamwita "baba" tu, kwa jina hamwiti hata siku moja. Nilipojua nilikaa jikoni nikalia.

Kunywa alianza na tembo kwa mgema, anasema linamsaidia kulala. Nikanyamaza, nikasema bora alale. Kisha tembo likawa halitoshi ikawa gongo. Bia huku zinapatikana mesi na yeye mesi hakanyagi, huko ndo kwenye watu wa magwanda, kwa hivo anakunywa hicho kinachopikwa porini na mtu hujui kimetiwa nini. Sasa hivi akiamka mikono inatetemeka, kikombe cha chai hakishiki mpaka apate kwanza. Pesa za karafuu za msimu uliopita sikuziona na sikuuliza.

Januari ndo usiseme. Mkesha wa Mapinduzi baruti zikipigwa yeye keshawavuta watoto chini ya kitanda, mwaka huu mdogo kajigonga paji la uso na chuma. Baada ya hapo mpaka mwezi uishe hatoki, hanywi chai na watu, kazi yake gongo na kukaa nyuma ya mlango.

Siku moja alikuwa anapiga kelele nikamgusa bega nimuamshe, akanikaba. Khalati nilijua nakufa. Alipozinduka akaona ni mie alilia kama mtoto, akachukua mkeka akaenda kulala ukumbini, na toka siku hiyo hulala huko.

Sasa Ramadhani iliyopita alinuia kuacha, kaapa mbele ya mama yake. Siku ya kwanza kafunga, jasho tu na kutetemeka. Siku ya pili baada ya kufuturu akaanguka, macho juu, povu, mwili mzima unajipiga chini. Majirani wakajaa, wakasema huyu ana shetani. Akaitwa sheikh akasomewa, akapewa kombe, yale maandishi ya Qur'ani yaliyooshwa kwa maji, akanywa. Siku mbili tatu zilizofuata akawa anazungumza na watu ambao hawapo, anasema askari hao wako ukutani, kisha taratibu ikatulia. Tulipomaliza Idi akarudi kunywa kimya kimya, na safari hii anakunywa kuliko mwanzo.

Kaka zangu wamesikia, wanasema watakuja wamfunge kamba wamtie kwenye boti wampeleke soba hausi Unguja. Mama mkwe anataka mganga, anasema shetani anadai ngoma yake. Shoga yangu ananambia omba talaka ungali na nguvu. Mie nshawahi kumwaga galoni zima nyuma ya choo, siku ile aliumwa mpaka nikajuta. Nambie khalati, hili ni shetani, ni pombe, au ni ile 2001? Nifanye lipi? Na kichwa kinaniuma kila siku ikifika alasiri.

Mama wa kaskazini, Pemba


Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Kabla ya yote, galoni usilimwage tena. Najua nitatukanwa kwa hili, kuna watakaosema khalati kawa wakala wa gongo, watukane tu. Nimeuguza wadi ya wagonjwa wa akili mpaka nimestaafu na yale uliyoyaona Ramadhani mie nimeyaona kitandani kwa macho yangu, kwa watu ambao hakuna sheikh alieitwa na walikuwa hawana shetani yoyote isipokuwa pombe iliyokatwa ghafla.

Mtu akinywa kila siku kwa miaka ubongo unajizoesha. Pombe inautuliza, basi na wenyewe unajikaza kupingana nayo. Siku ukiiondoa pombe yote mara moja ule mkazo unabaki peke yake hauna cha kuushika, ndo jasho, ndo mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio. Kifafa cha pombe kwa kawaida kinampata mtu kati ya masaa 6 na 48 toka alipokunywa mara ya mwisho. Hesabu mwenyewe, kafunga siku ya kwanza, kaanguka siku ya pili usiku. Halafu kuanzia siku ya 2 mpaka ya 4 ndo yanakuja yale ya kuona watu ukutani na kuzungumza nao, na hapo mwanangu ndo watu wanakufa. Mumeo kanusurika kwa rehema ya Mola, na safari ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza, kila akikata ghafla ubongo unashtuka zaidi. Kwa hivo mtu alieanguka mara moja haachishwi nyumbani. Haachishwi kwa kumwagiwa, wala kwa kuapishwa, wala kwa kufungiwa chumbani. Anaachishwa hospitali, anapewa dawa za kumtuliza zinazopunguzwa siku kwa siku, mara nyingi diazepamu, na vitamini B1 ya kutosha manake walevi wengi wanakosa hiyo na ikikosekana sana ubongo unaharibika moja kwa moja. Hiyo kazi ni siku chache tu, wiki hivi.

Mpaka siku ya kumfikisha kwa dakta asiache ghafla. Akiweza kupunguza kidogo kidogo ni vizuri, na ale, anywe maji na uji. Na usije ukaenda duka la dawa ukanunua diazepamu wewe mwenyewe umpe juu ya gongo, viwili hivo vikikutana pumzi inaweza kukata usingizini.

Na kwa wale watakaoniletea dini, mie pia nasali. Tunajua sote pombe ni haramu na hakuna anaebishana. Lakini tunajua pia ilivyokatazwa, kwanza ikaja aya ya Al-Baqara kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, ikaja ya An-Nisaa msiikaribie sala mkiwa mmelewa, ndo mwisho ikaja ya Al-Maida ya kuikata moja kwa moja. Watu wale walipewa muda, na Alietoa amri ndie anaejua miili aliyoiumba. Mgonjwa karuhusiwa kula Ramadhani akalipa siku nyengine, na mtu anaeachishwa pombe ni mgonjwa. Muulize sheikh unaemuamini, ila muelezee yote pamoja na kile kifafa, usimfiche nusu ya habari.

Sasa twende kwenye suali lako. Shetani, pombe au 2001? Mie naona ni 2001 ndo iliyomfikisha kwenye pombe, na pombe ndo inayomzuia kutoka kwenye 2001. Na kilichoyafungia mambo haya mawili ndani ya mtu mmoja miaka yote hii ni kunyamaza. Mumeo ana siri mbili. Moja ukiisema inaitwa siasa, nyengine ukiisema inaitwa dhambi, basi hana pahala pa kwenda. Barzani hawezi kusema hajalala kwa ajili ya yale, manake atachokonolewa wewe chama gani, na hospitali hawezi kwenda kusema anakunywa manake nesi ni mtoto wa jirani. Kwa hivo anakaa nyuma ya mlango na kila siri inailinda mwenzie.

Kwa watoto waliozaliwa juzi niseme kidogo, manake wengi hawajui. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulileta mzozo mkubwa, CUF, chama cha upinzani wakati ule, ikaitisha maandamano Januari 2001. Ijumaa tarehe 26 watu walipigwa risasi Unguja, Jumamosi tarehe 27 ikawa Pemba, Wete na Micheweni na kwengine. Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilisema waliokufa ni 31, watetezi wa haki za binadamu wa Human Rights Watch wakasema si chini ya 35 na majeruhi zaidi ya 600. Watu 2,000 na zaidi walikimbilia Shimoni, wengi kwa mashua na madau. Oktoba mwaka ule CCM na CUF wakatia saini Muafaka. Viongozi walipeana mikono, pakaandikwa karatasi, na ilikuwa kheri kuliko vita. Lakini kwenye vijiji sikuona mtu alieletwa kukaa na vijana wale waliotoka mikokoni awaulize jamani mnalala? Watu walirudi kwenye mikarafuu yao tu. Halafu kila baada ya miaka mitano uchaguzi unakuja, magari yale yanarudi barabarani, na mtu anaambiwa sahau.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndo ugonjwa wenyewe huo, hauna siri. Mwili umejifunza siku moja kwamba sauti fulani ni kifo, basi hausubiri kuuliza kama ni baruti ya sherehe au risasi, unakimbia kwanza. Kulala mgongo ukutani, taa, panga, kukwepa magwanda, jina lisilotajwa, ndoto moja ile ile, yote uliyoniandikia yanakaa ndani ya ugonjwa mmoja, madaktari wanauita ugonjwa wa kiwewe. Uliingia rasmi kwenye vitabu vyao vya Marekani 1980, baada ya askari wao kurudi Vietnam hawalali, na wengi wao pia walikuwa wamezama kwenye ulevi. Nikwambie na jambo litakalowaudhi wengine, sitoshangaa kusikia kuna askari wa siku ile ile ya 2001 nae kastaafu na halali.

Kuhusu hilo la kulala. Mumeo hadanganyi anaposema pombe inamlaza, inamlaza kweli. Inamuangusha saa tatu, saa nne kama gogo, na sehemu ile ya usingizi ambayo ndo ya ndoto inaizima. Lakini ikifika saa nane saa tisa pombe imeanza kuisha mwilini, usingizi unakuwa mwepesi na ndoto zilizozuiliwa zinakuja kwa pamoja na kwa nguvu. Hebu kumbuka kelele zake ni saa ngapi. Si alfajiri alfajiri? Basi anaamka kachoka na anatetemeka, anakunywa atulie, usiku anaongeza kidogo ili asiote. Anadaiwa na usiku na kila siku deni linapanda.

Kwa hivo mtu akikwambia "aache pombe kwanza, mambo ya kichwani tutayaona mbele", huo ni ushauri wa zamani, hata sisi manesi tulifundishwa hivo. Ukimuachisha ukamrudisha nyumbani bila kitu cha kushika usiku wake, atarudi kwa mgema siku atakayoota, na mgema hana kosa, kamuuzia mtu dawa anayoijua. Siku hizi inajulikana kwamba yote mawili yanatibiwa pamoja, pombe inashushwa hospitali na wakati huo huo kiwewe kinaanza kutibiwa. Zipo dawa, sertralini kwa mfano, hizo ni za kila siku na zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, si za kumeza usiku mmoja ukaona hazifai ukatupa. Na kuna tiba ya mazungumzo, nayo haina maana ya kukalishwa ukahojiwa. Ipo moja ambayo mtu anayapanga maisha yake toka kuzaliwa mpaka leo na mtu aliefundishwa, wakifika pale penye jeraha wanapita pole pole, hatua kwa hatua, ulikuwa wapi, ulisikia nini, mwili ulifanyaje, na kisha nini kikafuata, mpaka ile siku inapata mwisho wake na kukaa mwaka 2001 inapostahiki badala ya kuja kulala na nyinyi kila usiku. Kambi ya Nakivale kule Uganda waliwafundisha wakimbizi wenyewe wa Kinyarwanda na Kisomali wakawahudumia wenzao kwa njia hii na watu wakapata nafuu. Hapakuhitajika profesa. Mie siku zote nasema na sisi tungefanya hivo hapa, wapo walimu wastaafu wangapi wamekaa barzani wanacheza bao.

Nirudi kwa kaka zako. Waambie kamba wakafungie mbuzi. Mtu ambae kila usiku anawaona askari wanakuja kumchukua, halafu kweli waje wanaume watatu usiku wamkabe wamfunge wamtie chomboni wamvushe bahari? Mtakuwa mmemrudisha siku ile ile kwa mikono yenu, na hakuna mtu atakaemuamini tena, wewe ukiwa wa kwanza. Soba hausi sizisemi vibaya, zimeokoa vijana wengi Unguja na wengine nawajua, lakini nyingi zilianza kwa ajili ya watu wa unga na zinaendeshwa na waliopona wenyewe, si hospitali. Mtu mwenye historia ya kifafa cha pombe asipelekwe huko kabla dakta hajamshusha. Baadae, akishakuwa salama na yeye mwenyewe akitaka kukaa na watu waliopita njia hiyo, sawa.

Mganga na ngoma mie nasema hapana, usiku kucha ngoma na ubani kwa mtu anaeshtuka na sauti, mtamuumiza. Kisomo sikikatazi. Kama kusomewa Qur'ani kunamtuliza asomewe, ila kwa sauti ya chini, na watu wachache, na dawa za hospitali ziendelee.

Kuzungumza nae sasa. Chagua wakati ambao hajazidiwa wala hajatetemeka, mara nyingi kunakuwa na saa moja hivi ya afadhali asubuhi baada ya kupata kile kidogo. Usimuulize 2001. Usimwambie "mama yako kanihadithia". Anza na usingizi manake usingizi si siasa wala si dhambi, mwambie "naona hulali, na mie silali, twende tukatafute dawa ya usingizi". Hilo ni kweli na analiweza. Akikataa usigombane, rudia siku nyengine. Akijibu kwa hasira ondoka hapo ulipo. Siku akianza mwenyewe kuhadithia sikiliza tu, usimwambie Mungu kapanga, usimwambie shukuru wewe umepona, hilo la kupona peke yake ndo linalomla. Umesema jina la mtoto. Mie nadhani siku atakayomwita mwanawe kwa jina ndo mtajua kazi inaanza kuzaa, lakini usimlazimishe.

Usiku usimguse. Ukitaka kumuamsha simama miguuni, mbali na mikono yake, muite kwa jina na umwambie wewe nani na mko wapi, "ni mie mama fulani, uko nyumbani, mlango umefungwa". Taa iache iwake, umeme wa taa moja si kitu. Kulala mbali mbali kwa sasa hakuna aibu na yeye kafanya hekima kuhamia ukumbini. Panga litoke ndani, likae kwa ndugu yake, na mwambie umelitoa, usilifiche akaja akalitafuta saa nane za usiku. Kabla ya mkesha wa Mapinduzi mpange mapema, yeye na ndugu yake anaemuamini wende shamba la ndani kabisa mbali na baruti, na tarehe 27 asikae peke yake.

Talaka. Shoga yako anakupenda, simlaumu. Ila mie sitokwambia kaa wala toka. Nitakwambia kukaba usingizini na kupiga akiwa macho ni mambo mawili tofauti, la kwanza ni ugonjwa na lina njia zake nilizokwambia. La pili likitokea, kwako au kwa watoto, unachukua wanao unakwenda kwa mama yako siku hiyo hiyo, kiwewe chake hakimpi ruhusa na kukimbia kwako si usaliti, dawati la jinsia lipo, sheha yupo, na Kadhi yupo ukifika huko. Na mama yako mwambie sasa. Anadhani ni sukari, siku ukimgongea usiku na watoto wanne hutaki uanze kuhadithia mlangoni. Pesa za karafuu msimu ujao zungumzeni mapema, apokee kaka yake au mpokee pamoja, mtu hapewi mtihani huo peke yake na gongo liko njiani.

Hospitali nenda Wete kama ndo karibu, au Chake Chake, au Abdalla Mzee Mkoani, uliza huduma ya afya ya akili. Kama unaogopa watu wa kijijini wasikuone, Mkoani ni mbali na nyumbani na hakuna atakaekujua. Ikiwa kubwa watawaandikia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu Unguja, na jina hilo lisikutishe, mie nimewaona wengi wakitoka na mabegi yao wakarudi makazini. Ukifika usiseme "mume wangu mlevi" ukanyamaza, watampa nasaha na panadol mrudi nyumbani. Sema anakunywa kila siku pamoja na asubuhi, tangu lini, kiasi gani, sema aliwahi kukata ghafla akaanguka kifafa siku ya pili kisha akaona vitu, sema halali na anaota jambo lilelile toka 2001. Kama kutamka 2001 kunakutisha sema "tokea alipoona mtu akiuliwa mbele yake", inatosha, dakta hahitaji chama. Na akianguka tena, au akianza kuona watu ukutani, au joto likampanda na hajijui, hapo hapana kusubiri asubuhi wala kisomo, gari yoyote, hata ya mchanga.

Mtoto wako mkubwa nae usimsahau. Anaona, anaitwa "baba" na anajua kuna kitu kwenye jina lake. Muambie kwa maneno ya umri wake kwamba babake anaumwa, kaumia zamani, na si kwa sababu yake.

Na hicho kichwa cha alasiri, siku mtakayokwenda nawe kaa kwenye foleni upimwe presha.

Khalati